Faida Inatoka Wapi?

Alhamisi, 4 Aprili 2024, Morogoro

Mvua haijakatika tangu alfajiri na milima ya Uluguru haionekani kabisa. Nilitegemea wanafunzi watano. Wamekuja thelathini na mmoja, wengine viatu mkononi na suruali zimekunjwa hadi magotini. Darasa hili halimo kwenye ratiba ya chuo, halina alama wala cheti. Niliomba chumba namba nne kila Alhamisi saa kumi na moja jioni kwa sababu nimechoka kusahihisha mitihani ya vijana wanaojua kufunga mizania ya kampuni ya kubuni lakini hawajawahi kufungua taarifa ya mwaka ya kampuni ya kweli.

Nimeanza kwa kuwauliza: nani hapa ana mali yoyote iliyoandikwa jina lake? Wakataja laini za simu na kadi za benki. Mmoja ana pikipiki, ila imeandikishwa kwa jina la kaka yake. Nikauliza tena: nani amewahi kuweka fedha mahali akitaraji zizae? Hapo mikono ikanyooka karibu yote. Mikeka ya kubeti. Forex. Na watu wanne, wote wa mstari wa nyuma, wako kwenye mradi wa simu ambao unaweka fedha, unabofya matangazo kila siku, na unalipwa zaidi ukileta mtu.

Nimeandika ubaoni kwa herufi kubwa: FAIDA INATOKA WAPI? Tumelipeleka swali hilo kwa kila walichotaja. Mkeka ukishinda, unalipwa na waliochanikiwa, na mwenye kampuni ameshachukua chake. Mchezo wa kupeana wa mama zetu hauna faida yoyote. Ni kuweka akiba kwa zamu, na ni jambo la heshima. Tulipofika kwenye mradi wa simu, kijana mmoja akasema, "Madam, wanatangaza biashara za nje." Nikamuuliza za nani. Hakujua jina hata la moja.

Kisha tukaja kwa mama wa chapati pale getini, ambaye kila mmoja wao anadaiwa naye. Mama huyo akitaka jiko la pili akapungukiwa laki mbili, wakachanga watu kumi elfu ishirini ishirini, wakaandikishana kuwa sehemu fulani ya biashara ni yao, hizo ni hisa. Akiuza, wanagawana. Asipouza, wanalala njaa pamoja naye. Wameelewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi nilipokuwa na umri wao.

Jumapili, 7 Aprili

Naandaa somo la historia na sitaki liwe refu. Kuna binti aliniambia juzi wakati tunatoka kwamba hisa ni mambo ya wazungu na ya watu wa Dar. Nitamwambia ukweli kwamba zamani asingekosea sana. Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ilitungwa mwaka 1994, wakati mashirika ya umma yakibinafsishwa na swali kubwa likiwa nani atanunua. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara tarehe 15 Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL, wauza oksijeni na gesi. Ya bia, TBL, ikafuata mwaka huohuo. Vijana wangu wengi hawakuwa wamezaliwa. Wao wamelikuta soko lipo, na hawana sababu ya kulitazama kwa woga wa wazazi wao.

Alhamisi, 11 Aprili

Idi. Hakuna darasa. Nimeletewa pilau na majirani wawili.

Alhamisi, 18 Aprili

Leo swali gumu limetoka kwa binti wa Tanga, mwaka wa pili, ambaye kwa kawaida haongei. "Madam, hisa za benki si ni riba? Mimi nikipokea gawio lake nitakuwa nimekula nini?" Darasa likanyamaza. Ningeweza kumjibu kwa haraka, na ingekuwa kosa. Nimemwambia hukumu ya dini aitafute kwa mwenye elimu ya dini, nami nitamwonyesha kilichopo sokoni. Kwenye orodha kuna viwanda vya saruji, bia, sigara, kampuni ya simu, kampuni ya huduma za ndege. Yeye mwenyewe, bila kusukumwa, akafuta bia na sigara kwa kalamu. Nikamwonyesha pia sukuk, hatifungani isiyo ya riba. KCB Tanzania ilitoa yake mwaka 2022 kwa jina la Fursa Sukuk, nayo ikaorodheshwa.

Nilichopenda ni kwamba alianza na swali la kampuni inafanya nini. Wenzake thelathini walikuwa wanauliza bei itapanda lini. Nimelisema hilo mbele ya wote.

Alhamisi, 25 Aprili

Kesho Muungano unatimiza miaka 60, chuo kimepambwa bendera. Mahudhurio ishirini na sita.

Nilichapisha karatasi ya soko, ile taarifa ya kila siku, nikawagawia nakala moja kwa wawili. Niliwaambia waache kwanza safu ya bei, waangalie safu ya idadi ya hisa zilizouzwa. Wakasoma kwa sauti. Kampuni hii, sifuri. Hii, sifuri. Hii, mia mbili. Hii, sifuri. Benki mbili na nyingine chache ndizo zilikuwa na mwendo. "Kwa hiyo, Madam, nikiwa na hisa za kampuni yenye sifuri nikataka kuuza?" Unasubiri. Unaweza kusubiri siku moja, unaweza kusubiri miezi.

Hapo nikawasimulia la kwangu, ambalo sijawahi kulisimulia darasani. Miaka kadhaa iliyopita nilikopa SACCOS nikanunua hisa za kampuni moja iliyoorodheshwa. Sikuwa nimesoma hesabu zake, mimi mwalimu wa hesabu. Nilinunua kwa sababu bei ilikuwa imepanda mwaka mzima na mwenzangu ofisini alikuwa amejenga msingi wa nyumba. Mama akaugua. Nikampigia dalali kumwambia auze. Oda yangu ilikaa wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikashusha bei. Nikashusha tena. Nilipopata mnunuzi nilikuwa nimepoteza theluthi ya fedha, na makato ya mkopo yaliendelea kwenye mshahara wangu miezi kumi na minne baadaye. Mama alitibiwa kwa fedha za dada yangu.

Bei iliyoandikwa kwenye karatasi si fedha mpaka atokee mtu wa kuinunua. Kwenye masoko makubwa ya dunia mtu anaweza kuishi bila kulijua hilo. Kwetu ni somo la kwanza, nami ninalisikitikia sana kwa sababu vitabu tunavyofundishia havilisemi. Vimeandikwa kwa ajili ya New York.

Alhamisi, 2 Mei

Bumu limeingia. Nimelijua kwa foleni ya pale kwenye chipsi.

Kijana mmoja wa Kigoma amekuja na hesabu safi kwenye daftari. Fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Akiacha chai ya asubuhi na kula mlo mmoja, ataokoa 4,000 kila siku, kwa siku sitini atakuwa na 240,000 za kununulia hisa. Alikuwa na furaha. Nimemkatalia mbele ya wenzake. Kwanza bumu ni mkopo, na atakuja kukatwa akianza kazi. Pili ni chakula. Fedha ambayo ukiikosa wiki ijayo utalala njaa haina uvumilivu, na mtu asiye na uvumilivu katika soko kama letu huuza siku mbaya kuliko zote, kama nilivyouza mimi.

Akauliza, na ni haki yake kuuliza: "Sasa Madam, maskini aanze na nini?"

Nimemjibu kwamba aanze na ziada ya kazi, hata kama ni ndogo kiasi gani. Yeye anatengeneza simu za wenzake bwenini. Hapo ndipo. Mwaka huu wa 2024 kiwango cha chini cha kununua ni hisa kumi, na hisa kumi za Benki ya CRDB kwa bei ya siku hizi hazifiki elfu saba. Aliondoka kimya. Jioni hii bado najiuliza kama nilikuwa mkali mno, ila jibu nisingelibadilisha.

Alhamisi, 9 Mei

Darasa bora kuliko yote mpaka sasa. Nimeandika ubaoni gawio la mwaka 2023 la benki mbili: CRDB shilingi 50 kwa hisa, NMB shilingi 361. Nikauliza ipi imelipa vizuri. Sauti ishirini zikasema NMB, tena kwa kunishangaa.

Nikaongeza bei, nikizizungusha ili hesabu iwe nyepesi: 550 na 5,000. Nikakaa. Sikusema neno. Baada ya dakika mbili binti wa Tanga akasema polepole, "Hamsini kwa mia tano hamsini ni zaidi ya asilimia tisa. Hii nyingine ni saba na kidogo." Kelele zikaanza. Wengine walitaka basi wote tununue CRDB, na ikabidi niwarudishe. Gawio ni sehemu tu ya faida. Zote mbili ziligawa takriban theluthi moja, kinachobaki kinarudi kwenye biashara, na swali ni kitafanya nini huko. Bei nayo inabeba matumaini ya watu kuhusu kesho. Hakuna namba moja inayokuambia nunua.

Kisha tukashuka hadi mfukoni. Hisa 100 za CRDB ni shilingi 55,000, na makato ya dalali, soko na mamlaka ni takriban asilimia mbili juu yake, utakayokatwa tena siku ya kuuza. Gawio ni 5,000. Kodi ya zuio kwa kampuni iliyoorodheshwa ni asilimia tano, yaani 250. Unabaki na 4,750.

"Kwa mwaka mzima?" akauliza mmoja.

Kwa mwaka mzima.

Nimeuona uso wake ukianguka, na nyuso za wengine. Wiki ijayo wachache hawatarudi, nalijua hilo. Lakini siwezi kuwaficha. Kila anayewaita kwenye simu anawaahidi maradufu kwa mwezi, na mwalimu akianza naye kupamba, watamwamini nani? Nimewaambia wazi kwamba 4,750 haitajenga nyumba. Nataka makosa yao ya kwanza wayafanye kwa elfu hamsini wakiwa na miaka ishirini na moja, wasiyafanye kwa kiinua mgongo wakiwa na sitini.

Jumanne, 14 Mei

Mlinzi wetu, mzee wa getini, amenisubiri leo. Nimemwamkia, akaitikia, kisha akaniambia kwamba Alhamisi huwa anasimama dirishani kutusikiliza. Akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake bahasha, ndani ya bahasha stakabadhi ya hisa za Twiga, kiwanda cha saruji cha Wazo, za mwaka 2006. Hisa mia tatu. Alizinunua kwa fedha alizopewa alipoachishwa kazi, kwa sababu mtangazaji wa redio alisema mwananchi anaweza. Baadaye akahama, sanduku lake la posta likafungwa, akaunti ya benki ikalala, naye akadhani mambo yamekufa.

"Mwanangu, hizi bado zina maana?"

Babu wa watu amelinda geti usiku na mchana kwa miaka, na mali yake iko uvunguni mwa kitanda. Nimempigia dalali palepale. Hisa zipo. Bei yake leo ni mara kadhaa ya aliyolipa. Nilipomsomea jumla, alikaa juu ya kreti ya soda akanyamaza muda mrefu. Kuna kazi ya kufanya: jina la stakabadhi na la kitambulisho cha taifa yanatofautiana herufi mbili, hivyo anahitaji kiapo cha majina kwa wakili, kisha akaunti ya benki iliyo hai, kisha kufuatilia magawio ambayo hayakumfikia. Wanafunzi watatu wamejitolea kumshughulikia. Hakuna zoezi ambalo ningeweza kubuni likalishinda hili.

Alhamisi, 23 Mei

Mifano ya leo ni miwili: soko la Nairobi na uwanja wa ndege. Safaricom iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi tano za Kenya. Watu walipanga foleni, wengi kwa fedha za kukopa. Siku za kwanza ikapita saba. Mwaka 2009 ilikuwa chini ya tatu. Mwaka 2021 ikapita arobaini. Kampuni ni hiyohiyo. Aliyekopa alilazimika kuuza kwenye tatu, na aliyetumia fedha asiyoihitaji aliweza kukaa. Nimemtazama kijana wa Kigoma, naye akatikisa kichwa kunijulisha kwamba ameelewa.

Swissport Tanzania, inayohudumia ndege, kwa miaka mingi ilisifiwa kwa gawio nono. Mwaka 2020 dunia ikafunga anga, na biashara ya kuhudumia ndege haina cha kuhudumia ndege zisipotua. Mwenye hisa za kampuni moja tu kapuni aliumia. Ndiyo maana tunanunua za namna tofauti. Somo hili la kugawanya mayai nililipanga kwa saa nzima, likaeleweka kwa dakika kumi, kwa sababu kila mtoto wa mkulima anajua kwa nini baba hapandi mahindi peke yake.

Wamesikia kwamba soko lina shindano la wanavyuo, lililoanza 2014, ambamo mtu hununua na kuuza kwa fedha za mfano. Nimewaruhusu wajiandikishe, ni mazoezi mazuri ya kujua oda ni nini. Nimewaonya tu kwamba shindano la miezi michache humpa ushindi anayerukaruka, na tabia hiyo wasije nayo kwenye fedha zao.

Alhamisi, 30 Mei

Mradi wa simu umefungwa tangu Jumatatu. Ukurasa haufunguki, kundi la WhatsApp limefutwa. Wa mstari wa nyuma walikuja watatu, wa nne alibaki nje mpaka darasa likaisha ndipo akaingia.

Alikuwa ameweka 180,000. Hilo halikuwa linamliza. Alikuwa amewaingiza wenzake sita, mmoja wao dada yake anayesoma kidato cha nne. "Madam, siku ile ya kwanza ulipoandika ubaoni, nilijua. Nilijua kabisa. Nikasema nirudishe kwanza yangu."

Sikuwa na la kumfundisha. Faida yake ingetoka kwa hao sita, na ya hao sita kwa wengine. Huo ndio upatu, uvae suti, ushike simu au ujiite benki. Tumeandika majina na kiasi cha kila mmoja. Kesho naenda naye polisi kuandikisha taarifa. Kijana amesema atamrudishia dada yake yeye mwenyewe, kidogo kidogo, kabla ya kununua chochote cha kwake.

Nalala na hasira. Kijana huyu anaijua mizania na kuingiza hesabu pande mbili bila kosa, nasi walimu wake tulimpa alama A.

Alhamisi, 13 Juni

Fomu za kufungua akaunti ya hisa. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, akaunti ya benki, picha. Saba hawana namba ya NIDA. Wengine wamejaza kwa simu kupitia programu ya Hisa Kiganjani. Nimewasimamia wasome mstari kwa mstari kabla ya kubonyeza, hasa mrithi. Wawili hawakuwa wamewahi kufikiri nani atarithi kitu chao.

Walioniuliza kama ni lazima kuchagua kampuni wenyewe nimewaambia si lazima. Vipo vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT, Mfuko wa Umoja ukiwepo tangu 2005, ambako wataalamu hukuchagulia na unaweza kuanza kidogo. Mwenye muda mdogo wa kusoma hesabu akae huko bila aibu. Mimi mwenyewe akiba yangu kubwa iko huko.

Alhamisi, 20 Juni

Siku ya mwisho. Walioanza ni thelathini na mmoja, leo wako kumi na tisa. Kila mmoja alitakiwa kueleza kampuni moja kwa dakika tano: inauza nini, nani anainunua bidhaa yake, faida ya miaka mitatu imekwendaje, deni lake likoje, na ni jambo gani likitokea yeye angeuza. Bei ilikatazwa kutajwa mpaka dakika ya mwisho. Binti wa Tanga alichagua saruji. Alikuwa ameenda kwa fundi mwashi wa mtaani kwao kumuuliza ananunua mifuko ya nani na kwa nini. Hakuna kitabu kilichomwambia afanye hivyo.

Watu sita wamefungua akaunti. Waliobaki nimewaambia wasiharakishe. Soko lipo tangu kabla hawajazaliwa na litakuwepo watakapopata mshahara.

Mzee wa getini amepata kiapo chake, na akaunti yake mpya ya benki imesajiliwa kwa ajili ya gawio.

Kijana wa Kigoma alikuja ofisini baada ya wenzake kuondoka. Simu alizotengeneza tangu Mei zimempa 23,000 baada ya kula na kununua vifaa. Amenunua hisa ishirini, zilizobaki amemtumia mama yake. Nilimwambia anionyeshe ujumbe wa uthibitisho. Majina yake matatu yameandikwa sawasawa, bila kukosewa herufi, na idadi ni ishirini.